Mwaka Nilipomwacha Mtu Mlimani

Aliyenivua nguo mbele za watu ni mzee mwenye fimbo, tena msibani. Tulikuwa tumempumzisha Bi Zuhura adhuhuri ile, pale Kambarage. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini na vumbi hadi magotini, sisi wanawake tumejazana mkekani tunakula wali wa msiba kwenye sinia, na mjukuu wangu Kabula amekaa nyuma yangu ananipepea na upande wa kanga kama vile mimi ndiye mfiwa. Kwa kweli nilikuwa mfiwa, ingawa hakuna ukoo wowote kati yangu na marehemu. Yule mzee akaja akichechemea hadi ukingoni mwa turubai, akasimama, akanitazama kama mtu anayetafuta kasoro kwenye bidhaa. Akauliza kama mimi ndiye Minza. Nikasema ndimi, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akamgeukia Kabula, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi: "Binti, bibi yako huyu aliniacha mlimani. Aliwapeleka watu, akarudi nao, mimi akanisahau kule kama kiatu kilichokatika." Wanawake wakacheka mpaka wakakumbuka wako wapi. Kabula hakucheka. Upepo wa kanga ukakatika shingoni mwangu, nikajua leo kumekucha.

Mjukuu wangu huyu kazi yake ni wageni. Anawapandisha kwenye milima ya mawe huku kwetu Shinyanga, anawapeleka bwawani kutazama ndege, na baada ya mavuno anawapeleka kwenye ngoma. Wanatoka Dar, wanatoka Mwanza, wengine wanatoka nchi za mbali na ngozi zao zinababuka kabla ya saa nne asubuhi. Ana cheti, ana kofia pana, ana filimbi shingoni, na mimi ninamjivunia bila haya; mwenye wivu na azae wake. Sasa kosa langu ni hili. Tangu aanze kazi nimekuwa nikimwambia yeye, nikiwaambia majirani, na siku ya kupokea cheti nilisimama nikawaambia hata wazazi wa wenzake, kwamba mimi nilikuwa naongoza wageni kabla mama yake hajazaliwa, na sikupoteza mtu hata mmoja. Masunga, huyo aliyesahauliwa, alikuwa kwenye machimbo yake huko Geita. Ningejuaje kwamba bado anapumua? Na Bi Zuhura, aliyejua yote, alikuwa akinisikia nikijisifu pembeni ya kitanda chake, anafumba macho, anatabasamu, ananiacha. Sasa ameondoka na tabasamu lake. Bora niseme mwenyewe, kabla Masunga hajaongeza pilipili.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, darasa la nne kichwani na nguvu za punda mikononi. Nilitoka Samuye nikaja kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni ya Bi Zuhura, nyuma ya stesheni. Vyumba saba vilizunguka ua wa saruji, kila chumba na kitanda cha chuma, chandarua chenye viraka na jagi la maji lililofunikwa kitambaa cha kufuma. Kuta hazikufika kwenye bati. Aliyejenga aliishiwa matofali akasema hewa ni afya. Kwa hiyo aliyekohoa chumba cha kwanza alipewa pole na mtu wa chumba cha saba. Mimi nililala stoo, kati ya jiko na chumba cha mwisho, ambacho tulikiita chumba cha vitunguu kwa sababu magunia yalikuwa upande wangu na harufu haikujua mpaka. Nikijilaza nilisikia kila kitu: mnunuzi wa pamba akimgombeza mke wake ambaye yuko Maswa, mwalimu akisali, watu wawili wakibishana kama mbuzi tuliyewapikia alikuwa mbuzi kweli. Nimejifunza mengi juu ya ukuta ule kuliko niliyofundishwa darasani. Nilijua nani anaogopa kufa, nani amemdanganya nani, na nani anasema mashuka ya hapa yanafuliwa na mtu anayejua kazi. Huyo wa mwisho nilimwongezea mto.

Bi Zuhura mama yake alikuwa mtu wa Tanga, baba yake Mmanyema aliyekuja na reli. Yeye alizaliwa hapa hapa mjini, lakini alipika kana kwamba bahari iko nyuma ya choo. Nazi zilimfikia kwa treni, ndani ya gunia, nusu zimeota. Mara ya kwanza nilipokula maharage yake nilidhani amekosea akatia maziwa. Mimi nilikuja na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu tunavyovikata tukavikausha juani mpaka viwe kama vipande vya mbao. Akaonja kipande, akatafuna muda mrefu akinitazama, akasema ni sawasawa na kula mlango. Wiki iliyofuata akaichemsha na karanga za kutwanga, akawapa wageni, wakaomba tena. Hakusema samahani. Aliniambia tu niandike kwetu waongeze kikapu. Ndivyo alivyokuwa: hakuomba radhi kwa mdomo, aliomba kwa sufuria.

Kazi ya kutembeza wageni haikuanza kwa akili nyingi. Ilianza kwa sababu ya treni. Mvua ikila tuta au injini ikikata roho, wageni walikaa siku mbili, tatu, wakizunguka ua, wakilala mchana, wakinuniana kwa sababu ya kiti. Bi Zuhura hakuweza kuvumilia uso wa mtu aliyechoka kukaa. Siku moja akamwita Athumani, jirani mwenye pikapu ya kubebea vitunguu, akawapakia wageni wote, akanipakia na mimi na sufuria ya chai, akamwambia awapeleke wakaone kitu. Athumani akauliza kitu gani. "Nchi yote hii," Bi Zuhura akasema, "umekosa kitu?" Athumani akanigeukia mimi. Nikamwelekeza njia ya kwetu.

Milima yetu si milima ya kutisha. Ni mawe makubwa yaliyopandana, kama mtu alikuwa akijenga akaitwa kula akasahau kurudi. Mimi nilichunga ng'ombe chini yake utoto wote, nilijua pango lenye maji hata kiangazi, nilijua mwamba ambao pimbi huota jua wakiwa wamejipanga kama wazee barazani, nilijua pa kuweka mguu na pa kutoweka. Nikatangulia. Watu wale, wenye viatu vya ngozi na matumbo, wakanifuata wakihema. Tulipofika juu wakanyamaza wote. Unaona reli kama uzi, unaona pamba, unaona makundi ya ng'ombe yanakwenda yenyewe chini ya vumbi lake. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akitazama kwetu kama vile ni mahali. Nikasikia kitu kifuani ambacho mpaka leo sijakipatia jina, ila ninakiona usoni mwa Kabula akiwa kazini. Tuliporudi, kila mgeni alikuwa na la kumwambia mwenzake, na ukuta wangu uliongea mpaka nikapitiwa na usingizi. Kesho yake Bi Zuhura akaajiri mtu mwingine wa kufua nusu ya mashuka. Akaniambia siku za safari mimi si mfuaji, mimi ni kiongozi.

Mwaka ule tulikwenda kila mahali. Tuliwapeleka bwawani wakaone korongo wakivua samaki kwa kiburi. Tuliwapitisha kwenye ngitili, yale majani tunayoyafunga ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi kiwabane, na humo ndani ndege wamejaa kama soko. Baada ya mavuno tuliwapeleka ngomani. Kwetu vikundi viwili vya ngoma hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja kinajitahidi kuvuta watu. Chenye umati ndicho mshindi. Mgeni asiyejua anadhani atatulia atazame. Wapi. Mara huku mtu kavaa chatu shingoni, mara kule mtu kalala chini anachekesha na jembe, umati unakimbia, na mgeni anakimbia nao na kofia mkononi. Niliona hakimu aliyestaafu akikimbia hivyo. Aliniomba nisimwambie mtu, na sikumwambia mtu mpaka leo.

Kila safari Bi Zuhura alinipa agizo moja, nikiwa nimeshapanda nyuma ya pikapu: "Minza, kabla hamjaondoka mahali uwahesabu watu wangu." Nami nilimwitikia ndiyo mama, na sikuwahesabu hata siku moja. Nilijua kuhesabu vizuri sana. Mashuka nilihesabu, vijiko nilihesabu, na aliyeiba kijiko nilimfuata hadi stesheni. Lakini kwetu watu hawahesabiwi, wala ng'ombe. Ukimnyooshea mtu kidole ukasema huyu wa tatu, huyu wa nne, umekionyesha kifo pa kuchagua. Baba yangu alisimama mlangoni pa zizi jioni, ng'ombe wanaingia, na akasema tu, yule mwenye pembe iliyopinda bado. Hakuwa na haja ya namba. Nami nilifanya hivyo hivyo: nilisimama nyuma ya pikapu, nikawapitisha macho, moyo ukaniambia wametimia. Miezi mingi moyo haukunidanganya, nikaanza kujiona mjanja kuliko Bi Zuhura.

Masunga akaja mwezi wa nane. Alikuwa mchimbaji, ametoka kwenye maduara ya Geita, yale mashimo wanayoshuka kwa kamba kufuata dhahabu, anasubiri treni ya kwenda kumwona dada yake Tabora. Tulimpa chumba cha vitunguu. Alikuwa mfupi, kimya, shati lake rangi ya udongo, na udongo ule haukutoka. Kila asubuhi nilikuta alama za mikono yake kwenye shuka, nyekundu, vidole vitano vitano, na nilisugua nikimlaani. Alikula peke yake, akiinama juu ya sahani kama anayeificha. Wengine walimkwepa, mimi nikamkwepa zaidi. Nikimwekea chakula sikumtazama. Usiku, kupitia juu ya ukuta, watu wote walisikika, yeye hakusikika hata kukoroma. Leo ninajiuliza: mtu amelala hatua mbili kutoka kichwani kwangu siku nne, na ungeniuliza kama ana masharubu au hana, nisingejua.

Siku ya tano treni haikuja, tukaenda mlimani asubuhi. Tulipanda, wakatazama, wakala michembe, mnunuzi wa pamba akahutubia nchi nzima kutoka juu ya jiwe. Tulipokuwa tunateremka, upepo ukatuletea ngoma kutoka kijiji cha pili, wakapiga kelele twendeni, wakateremka mbio. Nikasimama nyuma ya pikapu nikawapitisha macho. Wametimia, moyo ukasema. Athumani akawasha gari. Nilisikia kitu, nakumbuka vizuri: ko, ko, ko, huko juu kwenye mawe. Nikajisemea ni mtu anapasua kokoto. Tukaenda ngomani, tukashinda huko, tukarudi mjini jua likiwa limeshainama. Bi Zuhura akapakua chakula. Akatazama meza, akatazama chumba cha mwisho, ufunguo wake ukiwa bado msumarini. Akauliza: "Wa chumba cha vitunguu yuko wapi?"

Nilishika beseni la ugali nikahisi linaniunguza na sikuweza kuliweka chini. Bi Zuhura alinitazama mara moja tu. Hakunigombeza. Alivua aproni, akajifunga kanga kiunoni, akapanda pikapu mbele, mimi nyuma, pamoja na wanaume watatu, mnunuzi wa pamba akiwa mmoja wao. Njia nzima sikufikiri juu yake, nilifikiri juu yangu. Nitasema ukweli kwa kuwa nimeamua. Nilifikiri: nimeua mtu, nitarudishwa nyumbani, na sitasimama tena juu ya jiwe watu wakanyamaza nyuma yangu. Halafu nikajaribu kuukumbuka uso wake ili nimwombee, na uso haukuja. Zilikuja alama za mikono tu.

Tulifika jua limegusa mawe. Watu wa kijiji wakatoka, wakasambaa, wakaita Masunga, Masunga, na mawe yakarudisha Masunga, Masunga, mpaka hujui yupi anaita na lipi ni jiwe. Hakuitika. Mzee mmoja akasema basi tena, ameshakwenda. Ndipo nikakumbuka ile ko, ko, ko. Nikapanda jiwe, nikawaambia wote wanyamaze. Mnunuzi wa pamba akaendelea kuita. Nikamwambia baba, funga mdomo. Nilikuwa sijawahi kumwambia mwanaume mtu mzima neno kama hilo, na akafunga. Kukawa kimya, pimbi tu wanalia. Halafu, mbali, chini ya miguu yetu kama vile mlima una moyo: ko. Ko. Ko.

Tulimkuta kwenye ufa kati ya miamba miwili, upande usio na njia. Mguu umevunjika, umebanwa, nyundo ndogo mkononi. Alikuwa ameona mstari mweupe kwenye mwamba, ule wanaousema wachimbaji kuwa dhahabu hupenda kulala karibu nao, akaufuata kama mbuzi anavyofuata chumvi, jiwe likateleza. Alikuwa amegonga kutwa. Alitusikia tukiondoka asubuhi, alisikia gari. Nilimuuliza, nikilia, kwa nini hakupiga kelele. Akanitazama, na mimi nikamtazama. Alikuwa na masharubu, na jicho moja lilikuwa na doa dogo la kahawia. Akasema: "Kwenye duara ukifukiwa hupigi kelele, dada. Kelele inamaliza hewa. Unagonga, unasubiri wenzako." Mtu amelala chini ya mbingu yote ile, upepo unavuma, na bado anabana hewa. Na alisema wenzako. Tulimtoa kwa kamba ya kufungia vitunguu na kanga ya Bi Zuhura, nyota mbili za kwanza zikitoka, na Athumani akampeleka hospitali taratibu, akikwepa kila shimo kama amebeba mayai.

Kesho yake nilikuwa stoo nafunga mzigo. Juu ya ukuta nikasikia mnunuzi wa pamba akimsema Bi Zuhura uani. Alimwambia anafuga aibu. Alimwambia msichana wa porini, asiyejua hata kuhesabu, unampaje roho za watu? Nilisubiri kusikia hukumu yangu. Nikasikia kijiko kikikoroga chai, muda mrefu. Kisha Bi Zuhura akasema: "Kuhesabu anajua. Anachokataa ni kuwahesabu ninyi. Tofauti yake nitaijua mimi. Wewe kunywa chai."

Akaja stoo, akaukuta mzigo wangu, akaukalia. Akauliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akauliza kwetu wanajuaje ng'ombe hajarudi, nikamweleza habari za baba na zizi, na kifo, na kidole, yote, kwa sababu sikuwa na cha kupoteza. Nilidhani atacheka, maana yeye ni mtu wa msikiti na mtu wa mjini. Hakucheka.

"Baba yako hahesabu kwa sababu anawajua," akasema. "Huyu ulimjua?"

"Sikumwangalia, mama."

"Kwa nini?"

"Alikuwa ananichafulia mashuka."

Niliinamisha uso nikitamani anipige. Halafu akainuka, akafungua mzigo wangu yeye mwenyewe, akatoa kanga zangu moja moja akazitundika msumarini zilipokuwa. Akasema mtu yule hana ndugu mji huu, na chakula cha hospitali si chakula, na kuanzia mchana ule mimi ndiye nitakayempelekea mpaka asimame kwa miguu yake. Sikuambiwa kama nitaongoza tena. Sikuthubutu kuuliza.

Wiki sita nilikwenda na kurudi na bakuli lililofungwa kitambaa. Mwanzoni niliweka na kukaa mlangoni. Baadaye nikakaa kwenye kiti. Masunga alikuwa msemaji, kumbe. Ni kwamba alihitaji kuulizwa. Alinieleza namna ya kusikiliza mwamba kabla ya kuingia chini yake. Alinieleza rafiki zake wawili waliogonga mpaka wakaacha kugonga. Alinitania kwamba mimi ni mchungaji wa ajabu, ninayerudisha ng'ombe wote wanono na kumwacha mmoja aliyekonda. Alikula michembe yangu na karanga akasema huko machimboni wangempa mtu cheo kwa chakula kile. Udongo ulimtoka mikononi kidogo kidogo, kwa sababu ya kulala tu, na siku ulipokwisha kabisa nilijikuta naona huruma, kama vile mtu amepoteza kitu chake. Nilifua mashuka ya hospitali aliyolalia, sikuambiwa na mtu.

Wakati huo huo Bi Zuhura alikuwa anazunguka soko akinunua vikombe. Vikombe vya bati vya rangi, tena hakununua dazani. Kimoja hapa, kimoja pale, hakuna viwili vilivyofanana: cha kijani, chekundu chenye ua, cheupe kilichobanduka, cha njano chenye mkono uliolehemiwa. Nilidhani uzee umemwanza. Asubuhi ya safari iliyofuata alivipakia kwenye kikapu, akapanda pikapu na magoti yake mabovu, na Masunga naye akapandishwa na fimbo yake mpya. Tulipofika chini ya mlima Bi Zuhura akatandika mkeka, akavipanga vikombe, akamwambia kila mgeni achague chake, akishike, aseme jina lake, akirudishe mkekani. Chai watakunywa wakirudi. Kwangu akasema: "Wewe kaa hapa uwatazame wakichagua. Watu wako usiwahesabu. Vikombe havifi, hesabu hivyo." Na kuwatazama watu wakichagua kikombe, nawaambieni, ni kuwajua. Aliyechagua kikubwa, aliyechagua kilichopasuka kwa kukionea huruma, mama aliyefikiri sana kisha akachukua cha karibu. Masunga alichukua cha kijani. Nikawapandisha. Kila nilipogeuka nyuma sikuona kundi, niliona kijani hayupo kwa sababu yuko chini, chekundu yupo, cheupe anahema, na mama wa cha karibu anahitaji mkono.

Tuliporudi Bi Zuhura hakuniuliza kitu. Alimimina chai ya tangawizi, kila mtu akachukua chake, mpaka mkeka ukabaki na kikombe kimoja kikavu, kile cha njano chenye mkono uliolehemiwa. Nikawatazama tena, uso kwa uso, wote wapo. Nikatazama mlimani. Nikaanza kukimbia, na Bi Zuhura akanidaka upindo wa gauni.

"Unakwenda wapi?"

"Kimoja, mama. Kuna mtu amebaki."

Akakijaza kikombe mpaka juu, akanitia mkononi. "Hiki chako," akasema. "Ulidhani wewe si mtu wa kurudi?"

Sikuweza kunywa mara moja. Masunga ilibidi atazame upande mwingine, na wageni wakadhani chai imeniunguza. Mwisho wa mwaka ule niliolewa nikahamia Maswa, nikazaa, nikazika, nikarudi, na maisha yamenipa mengi na kunipokonya mengine. Lakini nikiulizwa ni lini nilijua kwamba na mimi niko kwenye idadi ya watu wanaongojewa, nitasema ni pale, juu ya mkeka, chini ya mawe ya kwetu, kwa mkono wa mwanamke ambaye si mama yangu. Kumshukuru inavyostahili nilishindwa. Nilimpelekea michembe kila mwaka mpaka meno yakamwisha, na hata hapo aliomba nimtwangie.

Haya yote nilimweleza Kabula usiku wa msiba. Alisikiliza akiwa amenuna, kisha akauliza swali moja tu: ndiyo maana unanisumbua na vikombe? Maana miaka yote nimemganda abebe vikombe vya bati, na yeye akiona ni ushamba wa bibi. Anahesabu kwa kidole, moja mbili tatu, na majina anayo kwenye simu. Jumamosi iliyopita akaja mwenyewe kunichukua. Vya zamani vimebaki vinne tu, vingine alikwenda kununua sokoni, na niliona kwamba hakununua dazani. Masunga, ambaye alikuwa hajarudi Geita tangu msiba, tukampitia njiani. Tukakaa chini ya mlima sisi wazee wawili, yeye na mguu wake ameunyoosha, wageni wakachagua, wakapanda, na baada ya saa mbili wakaanza kurudi mmoja mmoja wamekuwa wekundu kwa jua na furaha. Nikawamiminia. Mkeka ukabaki na kikombe cha njano.

"Kimebaki kimoja, Minza," Masunga akasema. "Usije ukaanza tena."

Huko juu filimbi ya Kabula ikalia, anateremka wa mwisho. Nikakijaza kile kikombe, nikakifunika na kiganja chai isipoe, nikatazama njia.